Ndama Waliokaa Kimya

Tangu nirudi Mashewa mmenisimamisha njiani mmoja mmoja mkiniuliza safari ya ndama ilikuwaje, nami nimewajibu wote jibu moja: tulikwama mtoni, lakini tulifika. Si uongo. Ila kuna jambo nililificha, na wengi wenu mna ndama wale zizini mwenu, kwa hiyo mna haki ya kulijua. Nimeona niiandike safari yote tangu mwanzo. Habari za vibali na mikutano ya kikundi chetu cha akina mama mnazifahamu, naziruka.

Bomani kwa Naishorua

Boma la Naishorua liko mbali na mji wa Handeni, saa nzima na zaidi kwa lori kwenye njia ya vichaka. Tulifika jua linachomoza, mimi na dereva wetu Athumani, mtu wa Korogwe, mwenye miaka arobaini na kitu, mpole, asiyependa maneno mengi asubuhi. Naishorua ni mama wa Kimaasai, mjane, rika langu. Ndiye aliyetuuzia ndama kumi na wanne, majike matupu, mmoja kwa kila mwanachama.

Alitupa chai ya maziwa yenye harufu ya moshi, nikanywa vikombe viwili. Kisha akanipeleka kwenye zizi la ndama.

"Hawa wote wameacha kunyonya?" nikamuuliza.

Akazungusha fimbo yake juu ya kundi kubwa. "Hawa wameacha." Halafu akaielekeza kwenye wawili waliosimama pembeni, mmoja mweupe, mwingine mwekundu mwenye baka usoni. Walikuwa wadogo kuliko wenzao. "Hawa subiri. Mama zao hawapo."

Nikampa pole. Nilidhani mama zao wamekufa. Akanitazama kama mtu aliyesikia neno la lugha asiyoijua, akaenda kumhudumia mbuzi aliyekuwa akilia nyuma ya nyumba. Mimi na Athumani tukapakia, na kwa sababu alisema tuwasubirishe wale wawili, tuliwapakia mwisho.

Aliporudi akawaona ndani ya lori. "Mwalimu, hawa nilisema subiri."

"Tumesubiri, yeyo," nikamjibu, nikimwita mama kwa Kimaa. "Wamepanda mwisho."

"Subiri mwezi. Mbili. Mama zao hawapo, wako malishoni."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba wawili hao bado wananyonya. Ningeweza kuwashusha. Lakini nilifikiria kina mama kumi na watatu wanaongoja Mashewa, nikafikiria nani nitamwambia kwamba wake hajaja, na nikafikiria njia ile ya vichaka kwa mara ya pili. Nikamwambia siwezi kurudi tena kwa ajili ya wawili, tutawanywesha maziwa. Athumani alikuwa ameshawasha gari.

Naishorua hakubishana. Alipanda tairi la nyuma, akaingiza mkono kati ya mbao, akawagusa ndama vichwani. "Simama mara kwa mara," akasema. "Usiangalie tu. Panda uwaguse. Ndama ukimwangalia kwa macho atakudanganya."

Tulipopita kwenye bwawa wanaponywesha ng'ombe, jike moja jekundu liliinua kichwa. Pembe yake moja ilikuwa imeangukia jichoni. Lilitoka kwenye kundi likaanza kukimbia nyuma yetu. Nililiona kwenye kioo cha pembeni, mdomo umefunguka wazi kabisa, shingo imenyooshwa, lakini kwa mngurumo wa injini sikusikia sauti yoyote. Lilikimbia hivyo, mdomo wazi bila sauti, kwa muda mrefu kuliko nilivyodhani ng'ombe anaweza kukimbia. Mwishowe Athumani alinyoosha mkono dirishani, akakigeuza kioo kikatazama juu.

Barabara ya Sindeni

Ndama walilia mpaka tulipoukaribia mji wa Handeni na baada yake tena. Kelele ile ilinichosha, nikatamani waache. Basi wakaacha. Hawakupunguza kidogo kidogo. Walinyamaza wote kwa pamoja, kama redio iliyozimwa, na tangu hapo nilisikia mbao za lori zikigongana tu.

"Wamezoea," Athumani akasema.

Karibu na Sindeni tairi la nyuma likapasuka. La akiba lilikuwa na hewa kidogo, ikabidi Athumani apande pikipiki kwenda kutafuta fundi. Nikabaki peke yangu na lori pembeni ya barabara, saa sita na nusu za mchana, jua la utosi, hakuna mti wenye kivuli cha kulitosha lori. Nikakumbuka agizo la Naishorua, nikapanda tairi kuchungulia.

Wote kumi na wanne walikuwa wameelekeza nyuso nyuma ya lori, kule tulikotoka. Hakuna aliyeyumba, hakuna aliyefukuza nzi. Nzi walitembea juu ya macho yao na macho hayakupepesa. Nilipiga makofi. Sikio moja lilisogea.

Mama mmoja alikuwa anauza machungwa hatua chache mbele. Nilikwenda kununua manne, nami nilitaka zaidi mtu wa kuongea naye.

"Mmebeba nini, mama?"

"Ndama."

Akalitazama lori kwa muda, kisu kikiwa kimesimama kwenye chungwa. "Mbona hawalii?"

"Dereva anasema wamezoea."

"Ndama hawazoei," akasema. "Hunyamaza." Akamaliza kumenya, akanipa chungwa, kisha akakusanya mafungu yake akayahamishia ng'ambo ya barabara. Sikumuuliza kwa nini. Nilikula machungwa yale nimelipa mgongo lori. Athumani alirudi na fundi baada ya saa tatu.

Manundu

Tulifika Korogwe jioni jua likiwa bado lipo. Tulikuwa tumepanga kuwashusha ndama wapumzike, lakini uwanja tulioahidiwa ulikuwa umejengwa ukuta, na Athumani alisema tukiwashusha barabarani hatutaweza kuwapandisha tena. "Wabaki. Kesho saa tatu asubuhi tuko Mashewa."

Nikakubali. Tukaliegesha lori mbele ya nyumba ya dada yangu Zaina, hapo Manundu. Nilipandisha ndoo ya maji. Wakubwa walinusa, wachache wakanywa. Nikapata lita mbili za maziwa kwa jirani, nikajaribu kuwanywesha wale wadogo kwa chupa, wakayamwaga yote kifuani pangu. Hawakujua chupa ni nini. Yule mweupe alishika vidole vyangu viwili kwa ulimi, akavinyonya kwa nguvu, ananitazama. Nilivichomoa. Nilikuwa nanuka, nimechoka, na Zaina alikuwa ameniwekea ugali wa bada na mlenda na samaki mkavu. Nilikula nikashiba. Kuhusu usiku sina la kusimulia, maana nililala fofofo, na hilo ndilo linalonisumbua mpaka leo.

Asubuhi Zaina aliniletea chai akiwa amekunja uso. Alisema mzee mmoja wa msikitini amempitia alfajiri akamuuliza wale watu waliosimama ndani ya lori ni wageni wa nani. Mzee yule aliwatolea salamu mara mbili, hawakuitika. Aliwaona wamesimama wamebanana, wameinamisha vichwa, kimya.

"Ulimwambia ni ndama?" nikauliza.

"Nilimwambia. Akasema astaghfirullah, kisha akaniuliza kama nina hakika."

Bonde la mkonge

Mvua ilikuwa imenyesha milimani. Baada ya Kwashemshi ukungu ulishuka mpaka barabarani, na mashamba ya mkonge yakaanza kulia na kushoto. Mnaijua njia hiyo kwa jua. Katika ukungu ni kitu kingine. Mistari ya mkonge inatokea, inageuka kadiri gari linavyokwenda, inafumba, na unahisi kila mstari uliopita ulikuwa na mtu mwishoni mwake.

Kwenye nyumba chache za wafanyakazi wa mkonge tulisimamishwa. Mto ulioko mbele, pale barabara inapopita juu ya zege bila daraja, ulikuwa umejaa. Ikabidi tungoje maji yapungue. Bibi mmoja, Bi Hadija, alikuwa anauza chai na vitumbua kibarazani. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba na kunisogezea kigoda. Kando yake walikaa wanaume watano na visu vyao vya kukatia mkonge. Ilikuwa saa tatu, na hakuna aliyekwenda kazini.

"Leo mapumziko?" Athumani akawauliza.

Walitazamana. Mmoja akajibu, "Kuna sauti mle ndani. Siku ya nne leo. Si ya mnyama, si ya mtu. Inaita halafu inakohoa. Ukiifuata inahama."

"Mimi nimeisikia nikiwa chooni," Bi Hadija akasema. "Nikakatiza nilichokuwa nafanya." Hakuna aliyecheka.

Athumani aliacha chai nusu. Alisema tusogeze gari mpaka ukingoni mwa mto ili tuwe wa kwanza kuvuka. Nadhani alitaka tu kuondoka hapo.

Mtoni

Maji yalikuwa ya rangi ya matofali na yalipita juu ya zege bila kelele nyingi. Athumani alizima injini. Hapo nikasikia vizuri ukimya ule uliokuwa nyuma yetu, nikashuka, nikapanda lori. Safari hii niliwagusa.

Nilianzia nyuma. Yule mwekundu mdogo alikuwa na joto, anatetemeka. Mwingine joto. Nikajipenyeza katikati, nikaweka mkono juu ya mgongo wa yule mweupe. Ulikuwa baridi kama ukuta wa bafu. Alikuwa amesimama wima, macho wazi, kichwa kimelala begani kwa mwenzake. Mweusi alikuwa upande mmoja, wa kijivu upande wa pili, na wawili hao walikuwa wamembana hivyo kwa muda gani sijui. Tulikuja naye hivyo hivyo. Pengine tangu Manundu. Pengine yule mzee alipotoa salamu alikuwa tayari amekwisha kufa.

Nilimwita Athumani. Alipanda, akaona, akashuka, akaenda kushika kitasa cha mlango bila kuufungua.

"Tuwashushe," nikasema.

"Mwalimu, tukiwashusha hapa, ukungu huu, wakikimbilia mkongeni…"

"Tuwashushe wote, Athumani. Sasa hivi."

Tulifungua nyuma, tukategemeza mbao mbili, tukawashusha mmoja mmoja kwa kuwabeba vifua. Hawakukimbia. Walisimama pale tulipowaweka, miguu imetanuka, wengine wakalala chini papo hapo. Yule mweupe na wawili waliombana tuliwaacha mwisho, tukaanza na yeye. Alipotoka, mweusi na wa kijivu waliegemeana pale palipokuwa na mwili wake, kisha wakaanguka, nasi tukawabeba chini.

Ndipo vichwa vikainuka. Vyote pamoja, hata vya waliolala, vikageukia mkonge wa upande wa kushoto. Mimi sikuwa nimesikia kitu. Nilihesabu kama pumzi tano ndipo sauti ikaja. Ilikuwa kavu, ndefu, inakatika katikati na kumalizika kama kikohozi cha mtu mzima mgonjwa.

"Panda garini," Athumani akasema. Hakupanda yeye, wala mimi.

Sauti ikaita tena, karibu zaidi. Na ndama, waliokuwa kimya tangu Handeni, wakaitika. Wote kumi na watatu.

Kutoka kwenye ukungu akatokea ng'ombe jike mwekundu. Mdomo wazi, shingo imenyooshwa. Athumani alinikamata mkono. "Ni yule," akanong'ona. "Mwalimu, ni yule yule wa bwawani." Nami, nawaapia, kwa muda fulani niliamini hivyo. Niliamini ametufuata siku nzima na usiku mzima mpaka huku.

Alipokaribia nikaona pembe zake zote mbili ziko sawa. Shingoni alikuwa na kipande cha kamba kilichokatika. Kiwele chake kilikuwa kimevimba hata hawezi kukutanisha miguu ya nyuma, na maziwa yalidondoka kila hatua. Alitupita sisi kama hatupo. Alinusa ndama wa kwanza, akamwacha, akanusa wa pili. Alikwenda hivyo kwa wote. Alipofika kwa yule mweupe aliyelala chini, alisimama, akamlamba sikio mara moja, akasubiri, kisha akapita.

Nyuma yetu nikasikia mtu akisema, "Ewe Mola, ni ng'ombe wangu."

Alikuwa Bi Hadija. Alikuwa amefuata mlio wa ndama, na wale wanaume walikuwa nyuma yake na visu. Alikaa chini kwenye tope na kanga zake. Polepole alituambia. Ndama wa ng'ombe huyo aliuzwa na mwanawe mkubwa bila yeye kuambiwa, akapakiwa kwenye lori lililopita njia hii. Mama mtu alikata kamba akalikimbilia lori. Bi Hadija alidhani wezi wamemchukua. "Siku nne namsikia akilia, mimi namsomea dua afukuzike," akasema. Sauti ya ng'ombe ilikuwa imekauka kwa kuita, hata mwenyewe asiitambue.

Mmoja wa wanaume wale alinikodolea macho. "Na hili lori lenu ndilo lililombeba ndama?"

Nikasema hapana. Hakuniamini mpaka alipolizunguka lori na kusoma namba. Hata hivyo nilijihisi nimesema uongo.

Ndama mwekundu mdogo alikuwa amejikokota mwenyewe mpaka chini ya ng'ombe yule. Ng'ombe akampiga teke la kwanza, la pili. Bi Hadija akainuka, akakinga maziwa kiganjani, akampaka yule ndama kichwani, mgongoni, mpaka mkiani, akawa anaongea na ng'ombe kwa Kishambaa, kwa sauti ya chini. Ng'ombe akamnusa mtoto. Akatulia. Tulisimama pale, watu wanane, tukisikiliza mtoto wa mtu mwingine akimeza.

Wanaume walichimba shimo kwa majembe ya Bi Hadija, tukamfukia mweupe pembeni ya mkonge. Mwekundu nilimwacha. Bi Hadija alisema atamlea na ng'ombe wake mpaka aache kunyonya kweli. Ukungu ulipoinuka, wanaume waliokota visu vyao wakaingia kazini.

Mashewa

Tuliwalisha, tukawanywesha, tukawapumzisha pale mpaka alasiri, kisha tukavuka na ndama kumi na wawili. Mlitupokea kwa vigelegele. Mlipouliza wawili wako wapi, niliwaambia wamebaki kwa Bi Hadija wapate nguvu. Nilisema wawili. Hilo ndilo nililolificha. Mwekundu alikuwa wangu. Mweupe, katika kura tulizopiga kugawana ndama, alikuwa wa Mama Stela, na kila siku tangu hapo Mama Stela amenipitia akiuliza, "Mwalimu, mtoto wangu ataletwa lini?" Kila siku nikamjibu bado kidogo. Naishorua naye alipopiga simu nilimwambia wamefika salama.

Jumapili Naishorua alipiga tena. Wakati huo ndama walikuwa wote kwenye boma la shule, tukiwaogesha dawa ya kupe, na Mama Stela alikuwa ameshika ndoo karibu nami.

"Wapo hapo?" Naishorua akauliza. "Weka simu waisikie."

Niliiweka sauti ya juu, nikanyoosha mkono. Akaanza kuwaita. Sikujua kwamba kila mmoja ana jina. Aliita la kwanza, na ndama wa kijivu akageuza kichwa. Akaita jingine, mweusi akainua masikio. Aliwaita hivyo mmoja mmoja, akingoja kidogo baada ya kila jina, na kila jina lilikuwa na kichwa kilichoinuka, mpaka kina mama wakaacha kazi wakanyamaza.

"Nanyokie," akaita. Kimya.

"Huyo mwekundu," nikasema, maana rangi kwa Kimaa nazijua kidogo. "Yuko kwa bibi mmoja, ananyonya vizuri."

"Naibor," akaita. Kimya. Akaita tena, kwa sauti ya kumbembeleza mtoto asiyetaka kuamka. "Naibor."

"Ni yupi huyo?" Mama Stela akaniuliza. "Ni wangu?"

Nikaisogeza simu mdomoni ili nisirudie mara mbili, nikawaambia wote wawili kwa pamoja. Nilisema ni mimi niliyewapakia ndama ambao niliambiwa nisubiri, na ni mimi niliyelala Manundu wakiwa wamesimama. Nilisema mwekundu ni wa Mama Stela tangu sasa. Mama Stela aliitua ndoo chini, akaketi juu ya ukingo wa boma. Mpaka leo ninapoandika hajanijibu.



"Alikuwa amelala au amesimama?" Naishorua akauliza.

"Amesimama."

"Nani walimshika?"

Nikamwambia ni mweusi na wa kijivu.

Naishorua aliwaita tena wale wawili kwa majina yao, polepole, na maneno mengine ya Kimaa ambayo sikuyaelewa. Wakatoka katikati ya wenzao, wakaja mpaka kwenye mkono wangu, wakasimama wakiisikiliza simu mpaka alipomaliza.